Kuishi mbali na Dunia kwa mali ya huko huko: maswali mnayoniuliza kila mara

Mimi ni fundi wa kuchimba visima. Rigi yetu huzunguka Nakuru, Njoro, Rongai, Subukia, mara nyingine tunashuka mpaka Ahero na Kisumu. Kwa miaka mingi nimekuwa nikisoma kila kitu ninachopata kuhusu hii kazi ya kutafuta maji na hewa kule Mwezini na kwenye sayari ya Mirihi, ile nyekundu watu huita Mars, juu kila nikisoma naona ni kazi yangu tu imehamishwa mbali. Jumamosi jioni vijana wa mtaa hukuja kwangu tunaangalia Mwezi, wazazi wao nao wanabaki kidogo wakiuliza maswali, na maswali ni yale yale. Nimeyaandika yote hapa mtu asome pole pole.

Kwani "kutumia mali ya angani" ni nini hasa?

Ni kuishi na unachokikuta. Sisi tukienda kuchimba kisima Baringo wiki mbili tunabeba dizeli, spea, unga, dawa, lakini hatubebi kuni wala mawe ya kuwekea sufuria, tunajua tutayapata huko. Sasa safari za angani mpaka leo zimekuwa za kubeba hadi kuni na mawe. Wale watu 12 waliotembea Mwezini kati ya 1969 na 1972 walibeba kila pumzi waliyovuta na kila tone walilokunywa, wakakaa siku chache, wakarudi. Kile kituo cha kimataifa kinachozunguka Dunia kama kilomita 400 juu yetu nacho hupelekewa mizigo na vyombo kila baada ya muda. Kilomita 400 si mbali, kutoka Kisumu hadi Nairobi ni kama 350. Lakini ukitaka watu wakae miaka mahali ambapo gari la mizigo haliwezi kufika haraka, lazima hewa, maji, mafuta ya roketi na hata matofali yatoke hapo hapo walipo.

Si wabebe tu kila kitu? Roketi za siku hizi ni kubwa.

Hili ndilo swali linaloulizwa zaidi na jibu lake ndilo shina la mambo yote, kwa hivyo nitakaa hapa kidogo.

Fikiria lori linatoka Mombasa kuja Nakuru na njiani hakuna petroli steshoni hata moja. Lazima libebe dizeli yote. Hiyo dizeli ni nzito, kwa hivyo linahitaji dizeli zaidi ya kubeba hiyo dizeli, na hiyo ya ziada nayo ina uzito wake, unaona vile inaenda. Roketi iko hivyo. Ile Saturn V iliyopeleka watu Mwezini ilikuwa na uzito wa karibu tani 2,900 ikiwa chini, na kitu ilichoweza kusukuma kuelekea Mwezini kilikuwa kama tani 45. Kilichobaki karibu chote kilikuwa mafuta yaliyokuwa yanabeba mafuta.

Sasa peleka hiyo hesabu Mirihi. Safari ni miezi sita mpaka tisa kwenda tu, na nafasi nzuri ya kuondoka huja kila baada ya miezi 26 hivi kulingana na vile Dunia na Mirihi zimekaa. NASA, shirika la anga la Marekani, wenyewe wamepiga hesabu kwamba kuwanyanyua watu wanne kutoka ardhi ya Mirihi waanze safari ya kurudi kunahitaji karibu tani 7 za mafuta na tani 25 za oksijeni ya kuyachoma. Tani 25! Na hao watu wenyewe wakipumua mwaka mzima wanamaliza kama tani moja tu hivi. Kwa hivyo wengi wanaposikia oksijeni wanafikiria mapafu, kumbe mlaji mkubwa ni injini. Ukiweza kuitengeneza hiyo oksijeni huko huko kabla watu hawajafika, umejiondolea mzigo ambao ungehitaji roketi kadhaa kuupeleka.

Watatafuta nini kwanza, dhahabu?

Hapana, na hapa huwa nabishana sana na vijana. Wamesikia habari za asteroidi, yale mawe yanayozunguka Jua huko angani, zenye madini ya pesa nyingi, wamesikia heliamu-3, ile gesi adimu ya Mwezini, na huku kwetu magharibi watu wanajua dhahabu, Kakamega na Migori wachimbaji wako kwa mashimo mpaka leo, kwa hivyo akili inakimbilia huko. Lakini dhahabu ukiwa Mwezini itakusaidia nini? Huwezi kuila, huwezi kuipumua.

Kitu cha kwanza ni maji. Maji unakunywa, unapikia, unamwagilia mimea, na ukiyapitishia stima yanagawanyika kuwa oksijeni na haidrojeni. Kilo 9 za maji zinakupa kilo 8 za oksijeni na kilo 1 ya haidrojeni. Oksijeni unapumua, na hizo mbili pamoja ukizipoza mpaka ziwe kiowevu ndiyo mafuta ya roketi yenye nguvu sana. Tena maji yakiwekwa ukutani yanazuia mionzi vizuri. Sijui kitu kingine chenye kazi nyingi hivyo. Mimi nimeona kijiji kinavyobadilika siku pampu inapotoa maji mara ya kwanza, watoto wanakimbia na karai, akina mama wanapiga vigelegele, na nikisoma hii habari nawaza siku moja kuna mtu atafungua mfereji Mwezini.

Lakini maji Mwezini yako kweli ama ni kukisia?

Yako. Chombo cha Wahindi, Chandrayaan-1, kilienda 2008 kikiwa na kifaa cha NASA ndani kilichoona dalili za maji kwenye udongo. Alafu tarehe 9 Oktoba 2009 NASA waliiacha sehemu ya roketi iliyoisha kazi ianguke kwa makusudi ndani ya shimo linaitwa Cabeus karibu na ncha ya kusini, chombo kingine, LCROSS, kikapita nyuma yake kikipima lile vumbi lililoruka. Wakapata maji, na makadirio yao yalikuwa karibu asilimia 5.6 ya uzito wa udongo wa pale. Maana yake tani moja ya udongo ina kama lita 56, karibu jerikeni tatu za lita 20. Hayo ni makadirio ya shimo moja na yana nafasi kubwa ya kupanda ama kushuka.

Kwa nini yako hapo tu? Kule nchani jua halipandi juu, linazunguka kando kando kwenye upeo wa macho, kwa hivyo ndani ya mashimo marefu mwanga haujaingia kwa miaka mabilioni. Chukua Menengai yetu, ile kaldera ina upana wa kama kilomita 12, ukisimama ukingoni unaona vile inashuka. Shackleton, shimo lililo karibu kabisa na ncha ya kusini ya Mwezi, lina upana wa kilomita 21 na kina cha kama kilomita 4. (Menengai ilitengenezwa na volkano na Shackleton na jiwe lililogonga, hilo watoto huchanganya.) Ndani ya mashimo kama hayo kuna mahali baridi imepimwa chini ya nyuzi 200 hasi. Maji yakifika hapo yanakaa kama barafu, hayaendi popote.

Wakiyapata si ni kuyeyusha na kunywa?

Hapa ndipo mtu wa Nakuru anaelewa haraka kuliko watu wengi duniani. Kuna mzee upande wa Rongai tulimchimbia kisima, tukashuka mita nyingi, maji yakatoka mengi na masafi kwa macho, mzee akafurahi akachinja mbuzi. Lab ikarudisha majibu, floridi imepita kiwango mbali sana. Kiwango kinachokubalika ni miligramu 1.5 kwa lita, na sisi wa Bonde la Ufa tunajua ikizidi inafanya nini, meno ya kahawia kwa watoto, na kwa wakubwa mifupa. Ilibidi atafutiwe filta ya mifupa iliyochomwa ndiyo yale maji yanyweke. Ile siku nilijifunza kwamba kupata maji ni nusu ya safari.

Lile vumbi la Cabeus halikuwa na maji peke yake. Kulikuwa na amonia, haidrojeni salfaidi ile yenye harufu ya yai bovu, salfa dayoksaidi, hata zebaki. Ukiyeyusha barafu hiyo unapata supu ya sumu, lazima uichuje na kuisafisha hatua kwa hatua. Mirihi nako chombo kinaitwa Phoenix kilishuka 2008 karibu na ncha ya kaskazini, kikakwangua udongo kikapata barafu nyeupe chini yake kidogo tu, na kikapata pia chumvi zinaitwa pakloreti ambazo zinaharibu kazi ya tezi la shingo. Kwa hivyo mtambo wa kusafisha maji ni wa lazima kama rigi yenyewe, na mtu akikuonyesha picha ya mipango yake bila huo mtambo, muulize uko wapi.

Kuchimba huko kuko aje?

Nangojaga hili swali.

Ukichimba kisima huku, kitu kinachokusaidia bila wewe kufikiria ni uzito. Rigi ni nzito, mabomba ni mazito, biti, ile ncha inayokata mwamba, inakandamizwa chini. Mwezini mvutano ni moja kwa sita ya wa huku, kwa hivyo mashine ya tani moja inakandamiza kama kitu cha kilo 167. Ukisukuma biti chini, mashine inataka kunyanyuka yenyewe. Pili, sisi tunatoa mchanga na vipande vya mawe shimoni kwa hewa ya kompresa ama kwa maji na povu. Huko hewa hakuna na maji ndiyo unayatafuta, huwezi kuyamwaga. Unabaki na biti yenye mzunguko kama skurubu inayopandisha udongo kidogo kidogo. Tatu, biti ikizunguka inapata moto, na ukipasha moto udongo wenye barafu mahali hakuna hewa, barafu inageuka mvuke inapotea kabla hujaishika, ama inayeyuka kidogo na kuganda tena ikashika biti kabisa. Nimewahi kuacha biti shimoni huku Njoro, najua uchungu wake, na hapa spea iko mjini.

Na historia inaonyesha ni kazi ngumu kweli. Mwaka 1971 kwenye Apollo 15, moja ya zile safari za watu Mwezini, David Scott alipambana sana na drili, ikakwama, na kuitoa ilichukua nguvu za watu wawili. Wasovieti na chombo chao Luna 24 mwaka 1976 huko Mwezini walichimba kama mita mbili bila mtu yeyote pale na wakarudisha gramu 170 za udongo, na mimi naiheshimu sana hiyo kazi. Juzi juzi chombo cha NASA kinaitwa InSight huko Mirihi ilikuwa na msumari wa kujichimbia ulioitwa "fuko", ulipaswa kwenda mita kadhaa chini, lakini udongo wa pale unashikana vibaya na haukuupa msuguano wa kutosha, wakajaribu karibu miaka miwili wakaachana nao Januari 2021. Alafu Machi 2025 drili ya NASA ilipelekwa karibu na ncha ya kusini ya Mwezi ndani ya chombo kinaitwa Athena, chombo kikatua kikalala ubavu ndani ya shimo, drili wakaiwasha ikasogea vizuri lakini ardhi ya kuchimba haikuwa chini yake. Iliniuma kama ni rigi yetu imeanguka.

Kama hakuna maji karibu, oksijeni itatoka wapi?

Kwa mawe. Watu hawaamini nikisema hivi, lakini udongo wa Mwezi kwa uzito ni oksijeni asilimia 40 mpaka 45, imefungwa pamoja na silikoni, chuma, alumini, kalsiamu, titani. Si hewa unayoweza kuvuta, imeshikwa kwa nguvu kama kutu inavyoshika oksijeni kwenye mabati. Kuifungua unahitaji joto kali. Njia moja ni kuyeyusha udongo kabisa, zaidi ya nyuzi 1,600, kisha kupitisha stima ndani ya huo uji wa moto, oksijeni inatoka upande mmoja na upande wa pili unabaki na vyuma ambavyo unavihitaji pia. Mwaka 2023 wahandisi wa NASA kule Houston walifanikiwa kuichomoa oksijeni kutoka kwa udongo wa kuigiza ndani ya chumba kisicho na hewa, kwa kuupasha moto na kaboni. Uzuri wa njia hii ni kwamba udongo uko kila mahali, huhitaji kushuka kwenye shimo la giza. Ubaya ni stima. Inakula stima sana.

Na Mirihi?

Mirihi iko na hewa, ni nyepesi tu, shinikizo lake halifiki hata asilimia 1 ya shinikizo la hewa yetu, na karibu asilimia 95 yake ni kaboni dayoksaidi. Hapa tuko na kitu kimefanyika tayari, si mpango. Kigari cha Perseverance kilitua Februari 2021 kikiwa na kifaa kinaitwa MOXIE, ukubwa kama betri ya gari. Kilikuwa kinavuta hewa ya Mirihi, kinaikandamiza, kinaipasha moto mpaka nyuzi 800, alafu kwa stima kinaikata kaboni dayoksaidi kuwa oksijeni na kaboni monoksaidi. Tarehe 20 Aprili 2021 kilitoa gramu 5 na kidogo, mtu angepumua dakika kumi. Mpaka kilipomaliza kazi 2023 kilikuwa kimewashwa mara 16 na kutoa gramu 122 kwa jumla, na siku kilipofanya vizuri zaidi kilitoa gramu 12 kwa saa, oksijeni safi ya asilimia 98 ama zaidi.

Mtu anatumia kama gramu 840 kwa siku, kwa hivyo hizo 122 zote angezimaliza kwa saa tatu na nusu hivi. Najua zinaonekana kidogo. Lakini ni mara ya kwanza binadamu kutengeneza hewa ya kupumua kutoka kwa mali ya sayari nyingine, na kilifanya kazi mchana na usiku, majira tofauti, bila fundi wa kukigusa. Mimi nikikumbuka hiyo tarehe moyo hunipanda.

Mafuta nayo: ukichukua kaboni dayoksaidi ukaichanganya na haidrojeni mbele ya kichocheo kama nikeli unapata methani na maji. Njia hii iligunduliwa na Mfaransa Paul Sabatier zaidi ya miaka mia iliyopita, akapata Tuzo ya Nobel 1912, na kwenye kituo cha angani imetumika kurudisha maji. Methani ni kitu tunakijua, ni ile gesi ya baiogesi ambayo wafugaji wengi huku Nakuru wanapikia kutokana na kinyesi cha ng'ombe.

Stima itatoka wapi?

Sola kwanza, lakini Mwezini usiku ni wa karibu siku 14 zetu. Betri za kushikilia siku 14 ni nzito kupindukia. Ndiyo sababu kila mtu anataka ncha ya kusini, kuna vilele huko vinapata jua sehemu kubwa sana ya mwaka, na mashimo ya barafu yako karibu chini yake. Njia nyingine ni riakta ndogo ya nyuklia, moja ilijaribiwa Nevada, Marekani, 2018 ikafanya kazi vizuri. Kuna kijana aliniuliza kama wanaweza kuchimba mvuke kama Olkaria. Hapana, Olkaria inahitaji maji chini ya ardhi na moto ulio karibu, Mwezi umepoa zamani.

Watalala wapi, mahema?

Kwa siku chache sawa. Kwa miaka, hapana, juu ya mionzi. Dunia inatukinga kwa hewa nene na usumaku, huko hakuna hata kimoja, na kila mwezi unaokaa bila kinga unajilimbikizia hatari ya saratani. Kinga rahisi zaidi ni udongo wenyewe, unafukia nyumba kwa mita mbili tatu za udongo, kama vile pishi la viazi linavyofukiwa. Kuna watu wanajaribu kuuchoma huo udongo uwe matofali kwa miale ya jua iliyokusanywa na vioo ama kwa maikrowevu, bila saruji na bila maji. Pia kuna mapango yaliyoachwa na lava, ya aina moja na yale ya Mlima Suswa kwetu hapa, na Mwezini tayari mashimo ya juu yake yameonekana kutoka angani. Mimi ningechagua pango.

Watakula ugali?

Mahindi bado. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walipanda mmea mdogo wa jamii ya kabeji kwenye udongo halisi wa Mwezi ulioletwa na Apollo, gramu moja moja tu kila chungu. Ziliota zote, nikafurahi, lakini baadaye zikadumaa na mizizi ikakonda kama zinaumwa. Udongo wa Mwezi hauna uhai ndani yake na naitrojeni ni kidogo sana, na huko hakuna duka la kununua DAP. Kwa hivyo kinyesi na mkojo wa watu wenyewe ndiyo utakuwa mbolea, baada ya kusafishwa. Mkulima yeyote wa Vihiga mwenye robo ekari anajua hakuna kitu cha kutupwa.

Ni kitu gani kinakutia wasiwasi zaidi?

Vumbi. Udongo wa huku umesuguliwa na upepo na maji mpaka chembe zikawa mviringo. Mwezini hakuna upepo wala mvua, kila chembe ina makali kama chupa iliyovunjika, na inashika kila kitu. Apollo 17, Desemba 1972, madgadi ya gari lao ilivunjika, vumbi likaanza kuwamwagikia, wakaitengeneza kwa ramani za karatasi na tepu wakiwa na glavu nene. Hao walikuwa mafundi wa jua kali kamili. Harrison Schmitt, ambaye ni mtu wa jiolojia, aliporudi ndani ya chombo na kuvua kofia alianza kupiga chafya na pua ikaziba. Hiyo ilikuwa siku tatu. Sasa weka pampu, sili, gasketi, beringi, zifanye kazi hapo miaka kumi. Rigi yetu tunaipaka grisi kila siku na bado vumbi la Njoro linaimaliza.

Hivyo nikisikia mtu anasema kemia imeshajulikana kwa hivyo kazi imeisha, nakataa. Kemia ni ya zamani, kazi iliyobaki ni ya fundi.

Asteroidi je?

Baadaye. Wajapani walileta gramu 5.4 kutoka Ryugu mwaka 2020, Wamarekani gramu 121.6 kutoka Bennu mwaka 2023, na ni za aina yenye kaboni na madini yaliyoshika maji ndani, vitu Mwezi hauna vya kutosha. Lakini mvutano wao ni mdogo hivi kwamba ukigonga nyundo wewe ndiye unaruka.

Mwezi ni wa nani? Mtu anaweza kwenda kuchota tu?

Mkataba wa anga za juu wa 1967, ambao Kenya pia imo, unasema hakuna nchi inaweza kujitwalia Mwezi. Hausemi wazi kuhusu barafu ukishaichimba. Marekani ilipitisha sheria 2015 ikasema raia wake wanaweza kumiliki wanachokichimba, Luxembourg ikafuata 2017. Kulikuwa na mkataba mwingine wa 1979 uliosema mali ya Mwezi ni urithi wa binadamu wote, lakini nchi chache sana ziliukubali. Tangu 2020 kuna makubaliano ya Artemis, yaliyoanzishwa na Marekani kuhusu kanuni za kutumia Mwezi, na Rwanda na Nigeria zilitia sahihi Desemba 2022.

Hapa nasema kama Mwafrika. Vile vilele vyenye jua na mashimo yenye barafu ni machache, si kama shamba lisilo na mwisho. Atakayefika kwanza akaweka mitambo na kusema wengine wasikaribie kwa usalama, amekalia chemchemi. Sisi tunajua chemchemi ikikaliwa na mtu mmoja inakuwaje. Nataka watu wetu wawe kwenye meza kanuni zikiandikwa, si kupelekewa zikiwa zimeshapigwa muhuri.

Na si ati sisi ni wageni kwa mambo haya. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi, ilikuwa siku ya uhuru wetu kwa hivyo ikaitwa Uhuru, na ndiyo ya kwanza iliyotengenezwa hasa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Walichagua huku juu ya ikweta, Dunia inazunguka kwa kasi zaidi hapa na roketi inasaidika bure. Ikweta hiyo hiyo inapita Maseno.

Watu Nyalenda hawana maji ya mfereji, kwa nini nijali maji ya Mwezini?

Mama mmoja aliniuliza hivi Kisumu, jerikeni mkononi, na sikumpa jibu la haraka. Ana haki. Sitamwambia pesa ya roketi ingemletea maji, hizo ni bajeti za nchi zingine, na pia sitamwambia roketi itamletea maji kesho. Ninachoweza kusema ni kwamba ile kazi ya kusafisha maji kwenye kituo cha angani, ambapo mkojo, jasho na unyevu wa pumzi vinarudishwa kuwa maji ya kunywa, mwaka 2023 ilifikia kurudisha asilimia 98. Kusafisha maji machafu kwa stima kidogo, mtambo mdogo, bila kumwaga tone, ni shida ile ile ya Nyalenda. Mimi nataka hao wahandisi wawili, wa huko na wa huku, wajuane.

Kijana wangu anataka hii kazi, asome nini?

Jiolojia, kemia, uhandisi wa mitambo, umeme. Lakini pia ajue kuchomelea, ajue kufungua pampu na kuirudisha, ajue kusoma udongo kwa vidole. Mpeleke aone Menengai ambako wamechimba visima vya mvuke mpaka vingine vikakuta mawe yaliyoyeyuka kilomita mbili chini, aone mashine kubwa zikifanya kazi kwenye joto na vumbi.

Naweza kuona hiyo ncha ya kusini nikiwa nyumbani?

Ndani ya mashimo hapana, Shackleton iko ukingoni kabisa. Lakini eneo lenyewe unaona. Ngoja Mwezi uwe nusu, ule wa siku ya saba ama nane tangu uandame, saa tatu usiku utakuwa umeelekea magharibi. Sisi tuko karibu na ikweta kwa hivyo Mwezi kwetu umelala, ukitazama magharibi ncha ya kusini iko mkono wako wa kushoto. Chukua hata darubini ya macho mawili, egemea ukuta mikono isitetemeke, fuata ule mstari kati ya mwanga na giza kuelekea kushoto mpaka mwisho. Utaona mashimo yamejazana moja juu ya lingine na vivuli vyake virefu vyeusi. Barafu iko huko huko mwisho.